TAHADHARI: Nimelipia matairi manne mapya, jipya lilikuwa moja tu

Nimepigwa. Tena nimepigwa nikiwa nimeinama, tochi ya simu mkononi, nasoma ubavu wa tairi. Mimi huyuhuyu ninayewachosha kila siku na hadithi za DOT, ule mwandiko wa ubavuni unaoishia na wiki na mwaka tairi lilipotengenezwa. Chekeni kwanza, mkimaliza someni hadi mwisho.

Yale ya Mdaula, tairi la nyuma lilipobanduka njiani, waliokuwemo kwenye gari wanayajua, siyarudii. Nataka niseme ya dukani, maana mchezo wote ulichezwa pale ndani ya dakika arobaini, na naamini hata leo asubuhi kuna mtu ameshachezewa.

Gari ni ile Premio. Saizi 195/65R15, ubavuni 91H. Hiyo 91 maana yake tairi moja linabeba hadi kilo 615, H ni kasi isiyozidi kilomita 210 kwa saa. Maduka matatu yalinitajia kati ya 210,000 na 230,000 kwa tairi moja la lile jina la Kijapani mnalolijua. Huyu muuzaji wangu akasema 175,000. Hapo ndipo ujue jamaa ana akili: angesema 90,000 ningewasha gari nikaondoka. 175 inaingia akilini. Unajiambia ana kontena lake, hana dalali katikati, labda anataka hela ya haraka.

Kijana akatoka stoo akiviringisha la kwanza. Limezungushiwa nailoni, stika ya saizi iko juu ya kashata, yaani ule uso unaokanyaga barabara, mistari ya rangi inazunguka tairi lote kama inavyotoka kiwandani. Nikalilaza. Vinyweleo vya mpira vimesimama hadi katikati ya kashata, siyo mabegani tu. Nikaifuata DOT herufi kwa herufi mpaka kwenye kile kiduara kirefu mwishoni: 1824. Wiki ya 18, mwaka 2024. Nikaingiza ukucha kwenye mfereji nikavikuta vinundu vya kuonyesha mwisho wa tairi, vile vya milimita 1.6, viko chini kabisa. Kitone cha njano ubavuni kipo, kile cha kuonyesha upande mwepesi ambao fundi anautazamisha na vali. Nikapitisha mkono ndani, pakavu, pasafi, hakuna kiraka. Nikanusa hadi harufu.

Muuzaji kasimama pembeni kashika kiuno. "Bosi, wewe matairi unayajua. Wengi wakija hapa wanaangalia weusi tu." Sentensi hiyo imenigharimu laki saba.

Likaja la pili. Jina lilelile, kashata ileile. "Soma na hili bosi, usije ukasema nimekuficha." Nikamulika: 1824. Nikatikisa kichwa kwamba sawa. Nilisoma tarakimu, sikusoma tairi.

La tatu na la nne sikuyaona yakiwa chini. Mawingu yalikuwa yameshafunga, akanishika bega: "Tumalizie hesabu ndani, vijana wanavalisha, alaimenti nakupa ofa." Kwenye kaunta nikaingiza lipa namba, likatokea jina la saluni. Nikauliza. "Ya shemeji hiyo, yetu leo mtandao unasumbua." Mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi, eti imeisha karatasi, nikaandikiwa risiti ya mkono: "Tairi pc 4." Hakuna saizi, hakuna jina la tairi, hakuna tarehe. Chini imegongwa mhuri: mali ikishauzwa hairudishwi. Nikaikunja nikaitia mfukoni kama mtu aliyepewa cheti.

Niliporudi nje mawili ya nyuma yalishafungwa. Kashata yake tofauti na ya mbele: vitofali vingi vidogo, na kila kitofali kina mikato myembamba ya kupinda, kama vile mtu kapitisha wembe mara kumi. Nikauliza tena. "Hizo za nyuma ni maalumu kwa mvua, zinakamua maji, kampuni ileile." Mvua nayo ikaanza hapohapo, kama wamepanga.

Kwenye balansi, la mbele kulia mashine ikadai gramu 95 za risasi. Gramu tisini na tano! Tairi jipya kwenye rimu iliyonyooka mara nyingi linamalizana na 20 au 30. Fundi akasema rimu imepinda. Rimu zangu mnazijua. Nikanyamaza.

Kwa nini nilinyamaza? Nimejiuliza wiki nzima. Kwa sababu tairi la kwanza lilikuwa halali kabisa, na nililikagua mwenyewe, kwa mikono yangu. Hakuniambia "niamini", aliniambia "kagua". Mtu akishakuachia ukague moja mpaka uchoke, unaona haya kuinama mara nne. Na jingine, kuwa na jozi tofauti mbele na nyuma si kosa, wengi tunaendesha hivyo, mradi kila ekseli ina mapacha wake. Alijua kwamba nalijua hilo.

Sasa nilichonunua hasa. Haya niliyaona kwa fundi pancha mwingine, matairi yote yakiwa yamevuliwa rimu.

La mbele kushoto: jipya, 1824. Hilo lilikuwa chambo.

La mbele kulia: aina ileile, lakini lilishakwisha, likachongwa. Kwa wasiojua, kuchonga ni kuchukua kisu cha umeme chenye ncha kama herufi U, kikapata moto, kikapitishwa kwenye mfereji wa tairi kipara mpaka mfereji uonekane una kina. Ule mpira unaokatwa si kashata. Ni safu nyembamba, milimita mbili tatu hivi, inayofunika mikanda ya waya. Ukiichimba, waya zinabaki karibu na lami. Kokoto moja inapenya, maji yanaingia, waya zinaota kutu na mpira unaachana nazo kwa ndani bila wewe kuona kitu. Matairi ya malori yapo yanayoruhusu, yameandikwa REGROOVABLE ubavuni na yanatoka kiwandani na safu nene ya chini. La gari dogo halina safu hiyo. Ndiyo maana balansi ilikataa: mkono wa mtu hauchimbi sawasawa tairi zima. Vile vinundu vya 1.6 havikuwepo, kisu kilivifyeka. Kuta za mifereji zilikuwa laini na zinameremeta, bila alama ya kalibu. Vinyweleo vilikuwepo mabegani tu, na vya begani havithibitishi chochote, hukaa miaka kwa sababu hapo tairi haligusi barabara. Tarehe je? Ile 1824 ilibandikwa. Ya kweli ilisuguliwa kwa msasa mpaka pakawa bapa, juu yake kikagundishwa kipande cha mpira chenye tarakimu. Ukikitazama kwa ubavu unaona mwandiko umesimama juu kuliko herufi za jirani. Kwa juu, na tochi, na sifa za muuzaji masikioni, huoni. Kitone cha njano kilikuwa rangi ya kucha. Nilikigusa kwa kucha kikabanduka kama gamba la samaki.

Mawili ya nyuma ndiyo yanayonitia uchungu. Ni matairi ya theluji. Upande wa nje neno STUDLESS lilisuguliwa, upande wa ndani waliliacha likisomeka vizuri, pamoja na tarehe: 4113. Oktoba 2013. Yalivalishwa tarehe ikitazama chini ya gari, kwa kuwa kwenye matairi mengi tarehe inaandikwa ubavu mmoja tu.

Japani, madereva wa mikoa yenye theluji wanabadilisha matairi kila msimu. La theluji likilika nusu linakuwa limeisha kwa kazi yake, ingawa kashata bado ni nene. Linavuliwa. Huku likifika, kashata ile inaonekana "bado ipo", likipakwa dawa nyeusi mtu anaapa ni jipya. Mpira wake umechanganywa ubaki laini kwenye baridi kali. Kwenye lami yetu ya saa nane mchana unakuwa kama andazi: vitofali vinayumba ukikata kona, breki zinachelewa, unalika upesi, na joto linapanda ndani. Ongeza umri wa miaka zaidi ya kumi. Mpira wa namna hiyo umeshakakamaa ndani, gundi yake na mikanda ya waya imechoka. Likipata mzigo, jua na mwendo wa kilomita tisini kwa muda mrefu, kashata inabanduka ganda zima. Mdaula, tairi la nyuma kushoto. Basi.

Na ubavuni, upande wa nje, mahali pa 91H, palikuwa pameandikwa 91Q. Wazi, kubwa, halikusuguliwa. Q ni kilomita 160 kwa saa, ndiyo herufi ya matairi mengi ya theluji ya Kijapani. Ningesoma herufi moja tu.

Nilirudi. Muuzaji akaniambia, bila hata kusimama, "Tairi likishavalishwa halirudi, na huenda ulikobadilisha ndiko walikokubadilishia." Nikamwonyesha risiti, akanisomea: tairi, vipande vinne. "Hapa kuna kosa gani?" Kweli, hapo hakuna kosa. Huyu mtu asifungiwe duka tu, maana atafungua jingine mtaa wa pili. TBS, shirika la viwango, wapo, Tume ya Ushindani wapo, waingie ile stoo ya nyuma wakikute kile kisu na lile debe la dawa nyeusi. Atozwe faini, arudishe hela za watu, halafu kabla ya yote avalishiwe yale mawili ya nyuma kwenye gari lake, apakie familia yake, aendeshe Kimara hadi Dodoma saa saba mchana, nasi tukimfuata kwa nyuma taratibu. Hapana, familia yake imwache. Aende peke yake.

Na wale vijana wanaovalisha wasijifanye hawajui. Anayepaka sabuni ukingo wa tairi na kulivusha kwenye rimu kwa mikono yake anakiona kiraka cha ndani kabla ya mtu yeyote.

Dalili, harakaharaka kwa sababu nina hasira: matairi yote yalazwe chini kabla hata moja halijapanda mashine. Usikague sampuli. Tarakimu nne za kila moja, na saizi, na ile namba na herufi ya mwisho, ziandikwe kwenye risiti, akikataa, ondoka. Mwambie fundi avalishe tarehe itazame nje. Futa kashata kwa kitambaa cheupe chenye maji, kikitoka cheusi tii na kunuka mafuta ya taa, jibu umepata. Tafuta vinundu vya 1.6 kwenye mfereji wenyewe. Pembetatu au neno TWI begani linakuonyesha vilipo. Mkono upite ndani: kiraka, utambi wa kuzibia pancha, au duara la mpira uliosagika kuzunguka ubavu, hilo la mwisho ni tairi lililoendeshwa bila upepo. Mikato ya wembe kwenye kila kitofali, acha. Lipa namba yenye jina la saluni, mnaona wenyewe. Na usiende kaunta. Kama ni kulipa, lipa ukiwa umesimama hapo mashine inapozungukia, mvua ikunyeshee.

Duka silitaji, anayelihitaji aniulize pembeni nitamwelekeza aone geti na rangi yake.

Tairi la theluji lililobaki na lile la kuchongwa nimeyakata ubavu kwa msumeno wa chuma, pande zote mbili. Lile la Mdaula halikuhitaji msumeno. Fundi pancha alishangaa, akasema ningempa aniuzie. Ndiyo maana nimeyakata. Kile kisu cha pale dukani kinakula matairi tunayoyaacha sisi wenyewe. Tunavalishwa mapya, ya zamani tunasema "yatupe tu huko", tunaondoka.

Na mimi yangu ya zamani niliyaacha palepale. Aina ileile, 195/65R15, vipara vinne, tarehe zote 2317, moja lina kiraka cha mstatili upande wa ndani. Ukionyeshwa "jipya" lenye hicho kiraka, ni langu.