Walimkatiza Totoro kabla mama hajarudi nyumbani

Huduma ninayoilalamikia ni mojawapo ya zile za kutazama filamu kwa intaneti kwa ada ya kila mwezi, na ni haki niseme mapema kwamba nilijiunga nayo kwa furaha, kwa sababu ilikuwa na karibu kila filamu ya katuni niliyoipenda utotoni. Nia yangu ilikuwa kuzitazama upya pamoja na mpwa wangu, nione zipi zimestahimili umri na zipi zilikuwa nzuri kwa sababu tu mtazamaji alikuwa mdogo. Kwa kazi hiyo ilinifaa sana, mpaka tulipofika kwenye My Neighbor Totoro. Tangu jioni ile siwezi kuizungumzia bila sauti kupanda.

Filamu za mwanzo zilipita salama. Katika Dumbo ya mwaka 1941, tembo mama aliyefungwa minyororo bado anapenyeza mkonga kwenye nondo ili ambembeleze mwanawe, na mtu mzima bado analazimika kutazama pembeni. Lakini wale kunguru, ambao kiongozi wao alipewa sauti na mwigizaji mzungu aliyeiga usemaji wa Wamarekani weusi, walinilazimisha kusimamisha filamu na kueleza mambo ambayo sikuyajua nikiwa na umri wake. Toy Story ya mwaka 1995, filamu ndefu ya kwanza kutengenezwa yote kwa kompyuta, ina binadamu wanaofanana na sanamu za nta, ila vinyago vyenyewe havijazeeka, kwa kuwa plastiki ndiyo kitu ambacho kompyuta za wakati ule ziliweza kukionyesha vizuri. Katika The Lion King, nyumbu wanapoporomoka korongoni, mpwa wangu aliung'ang'ania mkono wangu hadi vumbi lilipotulia. Kufikia hapo nilikuwa tayari kuwasifu wenye huduma hii kwa yeyote atakayeniuliza.

Totoro, kazi ya mwongozaji wa Kijapani Hayao Miyazaki ya mwaka 1988, ndiyo niliyoiogopa zaidi kuirudia. Haina adui, haina vita, na Totoro mwenyewe, lile dubwana la msituni, haonekani mpaka karibu nusu saa ipite. Nilidhani mtoto wa leo angechoka. Hakuchoka hata kidogo. Mabinti wawili, Satsuki na Mei, wanahamia nyumba ya shamba pamoja na baba yao, mama akiwa amelazwa hospitalini, na sehemu kubwa ya filamu ni wao kufungua milango, kufukuza masizi yenye macho na kungoja basi kwenye mvua. Mandhari yaliyopakwa rangi kwa mkono chini ya uongozi wa Kazuo Oga hayajafifia, na ninathubutu kusema kwamba hakuna msitu wa kompyuta niliouona tangu hapo wenye unyevu kama ule. Kilichobadilika ni macho yangu. Utotoni nilimtazama Totoro peke yake. Safari hii nilimtazama Satsuki, mtoto anayeamka kupika chakula cha watu wazima, ambaye siku anapopata habari kwamba mama hatakuja kama walivyoahidiwa, anaangua kilio mbele ya bibi jirani na kuuliza itakuwaje mama akifa.

Swali hilo halijibiwi ndani ya hadithi. Mwishoni mabinti wanakaa juu ya mti nje ya hospitali, wanamwona mama akicheka na baba, wanamwachia hindi dirishani na kuondoka bila kuonana naye. Jibu linakuja baadaye, wakati majina ya watengenezaji yanapopita. Pamoja na majina hayo kuna michoro iliyotulia, mmoja baada ya mwingine, na humo ndimo mama anaporudi nyumbani, anapokumbatiana na binti zake, anapolala nao akiwasomea kitabu. Hayo si mapambo. Ndiyo mwisho wa filamu, umewekwa mahali ambapo Miyazaki aliamini mtazamaji atabaki ameketi.

Hapo ndipo huduma hii ilipojiingiza. Majina yalipoanza tu, picha nzima ilisinyaa ikawa kijisanduku kwenye pembe ya skrini, wimbo ukazimwa katikati, na nafasi yote ikajaa tangazo la filamu nyingine yenye makelele, huku sekunde zikihesabiwa kurudi nyuma kana kwamba tunafukuzwa ukumbini. Nilipoipata rimoti, ile nyingine ilikuwa imekwisha kuanza. Nikairudia Totoro, nikasogeza hadi mwisho, ikasinyaa tena palepale. Mpwa wangu akaniuliza, "Mjomba, kwa hiyo mama yao alirudi?" Nikamjibu kwamba alirudi. Hakuniamini, na sikuwa na cha kumwonyesha.

Niliwaandikia wahudumu wao kwa adabu, nikieleza ni filamu gani na ni michoro ipi. Aliyenijibu alinielekeza kwenye mipangilio, ambayo niliibadilisha kama alivyosema. Filamu ya pili ikaacha kujianzisha, lakini picha iliendelea kusinyaa. Nilipomrudia, aliandika kwamba katika sehemu hiyo hadithi huwa imekwisha na kilichobaki ni majina tu, kwa hiyo hakuna nilichokosa. Sikutukanwa, nakiri, ila ningependa kutukanwa kuliko kuelezwa na mtu ambaye ni dhahiri hajaitazama filamu kwamba mimi niliyekua nayo sijui inaishia wapi. Kisha akafunga mazungumzo kwa kunishukuru na kuniomba nipime ubora wa msaada wake.

Zamani tulizitazama filamu hizi kwenye kanda za video zenye mikwaruzo, rangi zikiwa zimekimbia, na bado hakuna kanda iliyowahi kuamua kwamba tumeona vya kutosha. Ilizunguka mpaka skrini ikaingia chenga. Sisemi turudi huko. Picha ya sasa ni safi ajabu, na bila huduma hii huenda mpwa wangu asingekutana na Totoro kabisa. Kwa ajili hiyo nilikuwa nimefikia uamuzi wa nyota tatu, nikizingatia wingi wa filamu na ubora wa sauti. Lakini nikifikiri kwamba watoto wengi huzima televisheni wakiamini Satsuki na Mei bado wanangoja, na kwamba mtu fulani alikaa ofisini akaona huo ni utaratibu mzuri, nyota hizo zinanishinda kuziandika. Naweka moja. Filamu yenyewe ingepata zote tano, na ningeongeza kama zingekuwepo.

Kwa atakayelipia hata hivyo: shika rimoti mkononi tangu lile basi lenye umbo la paka linapowarudisha mabinti, na picha ikianza kusinyaa bonyeza kitufe cha juu kisha cha kukubali, haraka, kabla sekunde hazijaisha. Kwenye televisheni mbinu hii imenifanyia kazi baadaye, japo mchoro wa kwanza unapotea. Kwenye simu haifanyi kazi.