Steshenari ya Mwanga na makaratasi ya kwenda kusoma sheria: naipa nyota tatu

Nimepata nafasi ya kusoma Shahada ya Sheria, na tangu jina litoke wadogo zangu hapa Kigoma wananiuliza makaratasi ya mkopo na ya chuo nilitengenezea wapi. Nilitengenezea steshenari moja ya Mwanga. Jina nalihifadhi, maana si yote nitakayosema ni ya kuwasifu, ila aliyewahi kupanga foleni pale msimu wa mkopo ataijua tu.

Nianze na haki yao. Kijana wa kaunta anaujua mfumo wa Bodi ya Mikopo kuliko walimu wetu wengi. Mfumo unaanza na namba yako ya mtihani wa kidato cha nne, na majina yanavutwa yenyewe kutoka NECTA, yaani Baraza la Mitihani, huyaandiki wewe. Halafu unadaiwa namba ya uhakiki wa cheti cha kuzaliwa kutoka RITA, wale wanaosajili vizazi na vifo. Ukifika pale hujahakiki, hakupokei hela. "Dada, anza RITA kwanza, majibu yakija ndiyo urudi." Mwenye mzazi aliyefariki anaambiwa alete na cheti cha kifo, nacho kihakikiwe. Ushauri huo hautozwi hata senti.

Skani zao nazo ni safi. Cheti kinatoka chote, pembe nne zinaonekana, faili limepunguzwa ukubwa mfumo usilikatae, na kila moja limepewa jina lake. Skani shilingi 500, kuprinti 200 kwa ukurasa. Hapo sina neno.

Neno langu linaanzia kwenye imeili. Mbele yangu alikuwepo mama mmoja na kijana wake, wametoka Mwandiga. Wakaulizwa, "Mna imeili?" Hawana. Kijana wa kaunta akaingiza imeili ya duka, akaweka na neno la siri analowawekea wateja wote, kazi ikaendelea. Anafanya hivyo kuharakisha foleni, sidhani kama ana nia mbaya. Lakini majibu ya RITA yanakuja kwenye imeili hiyo. Ukisahau neno la siri, la kubadilishia linatumwa hukohuko. Namba ya simu ni hivyohivyo: ukichaguliwa vyuo zaidi ya kimoja, unathibitisha kimoja kwa namba maalumu inayokuja kwa ujumbe mfupi, na dirisha la TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, lina mwisho wake. Sasa ujumbe uende kwenye simu ya duka, wewe uko Uvinza shambani, nani atakutafuta? Zamu yangu ilipofika nikamwambia asubiri, nikafungua imeili yangu kwenye simu yangu palepale. Walionifuata kwenye foleni waliguna. Waache wagune.

Lililonishtua hasa ni la jina. Cheti changu cha kuzaliwa kinasema Hadija, cha kidato cha nne kinasema Khadija. Kwetu Ujiji jambo hilo ni la kawaida sana, kila karani anaandika alivyosikia. Kijana akakitazama cheti kwenye kompyuta akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hiyo herufi naiongeza hapahapa, elfu tano."

Hapana, kaka. Hiyo ni kughushi, na kughushi kunaelezwa kwenye kifungu cha 333 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Hata ukiiweka sheria pembeni, hesabu yenyewe haiingii: RITA wanalinganisha cheti na daftari lao, na kwenye daftari hakuna K. Na anayesoma sheria ataulizwa vyeti vyake mara nyingi kuliko wengine. Chuo kitataka vyeti halisi siku ya usajili. Ukimaliza shahada, kuna Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo kule Dar es Salaam. Ukifaulu hapo, ombi la kusajiliwa kuwa wakili linakwenda kwa Jaji Mkuu. Herufi ya elfu tano inakufuata huko kote.

Nilichofanya ni kwenda na mama kwenye ofisi ya wakili karibu na mahakama, akala kiapo kwamba majina yote mawili ni ya binti yake mmoja. Huduma ya yule wakili ningeipa nyota tano. Alimsomea mama kiapo chote kabla hajasaini, akamuuliza, "Mama, umekielewa unachoapia?" Kisha akaandika chini mahali, tarehe na jina lake yeye kama Kamishna wa Viapo, akanionyesha kwamba kifungu cha 8 cha Sura ya 12, sheria ya Makamishna wa Viapo, ndicho kinachomtaka afanye hivyo. Wapo wanaogonga mhuri bila kuandika tarehe, kwa hiyo kagua kabla hujatoka mlangoni. Akaniambia pia kwamba kama ningetaka kubadilisha jina lenyewe, hiyo ni hati nyingine, inasajiliwa. Kiapo nilikiambatanisha kwenye maombi na hayakurudishwa.

Steshenari wana kifurushi cha shilingi 20,000 wanachokiita "kila kitu": wanajaza, wanaprinti, wanakutafutia na mihuri. Msichukue. Fomu ya mkopo inasainiwa na wewe, mdhamini wako, serikali ya mtaa, na kamishna wa viapo au hakimu. Mwenyekiti wa mtaa wetu alinigongea mhuri bila maneno kwa sababu anamjua mama. Mhuri wa mtaa ambao hujawahi kuishi utauelezaje?

Maelekezo ya kujiunga na chuo nayo watayaprinti yote usipowazuia. Soma kwenye simu, uprinti fomu za kujaza tu. Fomu ya afya niliipeleka Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Maweni, wahi asubuhi.

Akaunti ya benki nilifungua huku nyumbani kabla ya safari, kwa majina yaleyale yaliyo kwenye mfumo wa mkopo, maana bumu, hela ya mkopo ya kujikimu, halisubiri mtu aanze kurekebisha majina. Kusaini hela hiyo utasainia chuoni, kwa alama za vidole.

Kwa skani na kuprinti nitawarudia. Nendeni na imeili yenu, na neno la siri mlichape wenyewe. Msimu wa mkopo wanafungua saa 2 asubuhi, Jumapili hawapo.