Uzoefu wangu: misheni ya usiku ya U-2 juu ya Kuban, kutoka chumbani kwetu Ngamiani

Kwa muda wa wiki tatu sasa, kila baada ya sala ya Isha, mimi na mdogo wangu wa kike tunakaa mbele ya kompyuta ya mezani hapa nyumbani Ngamiani, Tanga, tukirusha misheni moja tu ya simyuleta ya ndege za vita iitwayo IL-2 Sturmovik: Great Battles. Misheni yenyewe haikutoka kwa wenye mchezo, bali imetengenezwa na mpenzi mmoja wa mchezo huu kwa kutumia kihariri cha misheni, naye ameitoa bure. Faili zake ni ndogo kiasi kwamba zilishuka kwa bando la siku lililokuwa limebaki kidogo tu, na kuziweka ni kazi ya kuzinakili kwenye folda ya misheni na kufungua mchezo. Ila mtu ajue mapema kwamba misheni ni bure, lakini ramani ya Kuban na ndege ya U-2VS hununuliwa kila moja kwa bei yake. Mimi nilisubiri kipindi cha punguzo.

Misheni inakupeleka Kuban, kusini mwa Urusi, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, usiku wa tarehe 31 Julai kuamkia tarehe 1 Agosti 1943, katika Kikosi cha 46 cha Walinzi (jina la heshima katika jeshi la Kisovieti) cha mabomu ya usiku. Hiki ndicho kikosi cha wanawake pekee, kuanzia marubani na waongoza njia hadi mafundi wa injini na wale waliokuwa wakitundika mabomu kwa mikono gizani. Kilikuwa kimoja kati ya vikosi vitatu vilivyoanzishwa kwa juhudi za Marina Raskova, mrukaji mashuhuri wa Kisovieti, mwaka 1941, kikaanza mapigano mwaka 1942 kikiitwa Kikosi cha 588, na kamanda wake alikuwa Yevdokiya Bershanskaya. Wajerumani, ambao usiku hawakupata usingizi kwa ajili yao, waliwaita wachawi wa usiku. Kiangazi kile cha 1943 kazi yao ilikuwa kushambulia Mstari wa Buluu, yaani ngome za Wajerumani zilizokuwa zimeifunga njia ya kwenda rasi ya Taman, kutoka upande wa Bahari ya Azov hadi Bahari Nyeusi karibu na Novorossiysk.

Ndege waliyoitumia, U-2, ni ya mbao na kitambaa, yenye mabawa mawili kila upande, moja juu ya jingine, na injini ya silinda tano ya M-11 yenye nguvu za farasi 100 hivi. Iliundwa mwishoni mwa miaka ya 1920 kwa ajili ya kufundishia marubani, wala si kwa ajili ya vita. Maelezo ya misheni yanaiita Po-2, nami ningemwomba mtengenezaji alirekebishe hilo, kwa kuwa jina hilo lilikuja mwaka 1944 baada ya kufariki kwa Polikarpov aliyeibuni. Mwaka 1943 ilikuwa bado U-2. Wajerumani waliifananisha pia na cherehani kwa mlio wake. Niliposoma hivyo nilimwita shangazi, ambaye ana cherehani ya miguu barazani tangu sijazaliwa, asikilize spika. Alisikiliza, akasema, "Hiyo inataka mafuta."

Sasa nije kwenye misheni yenyewe. Unaanzia kwenye uwanja wa majani wenye taa chache hafifu, na unapaswa kwenda, kutupa mabomu, kurudi, kusimama mahali palipowekwa alama ili upakiwe mengine, na kwenda tena, mara tatu. Kwa ndege inayotambaa kilomita 110 kwa saa, dakika 20 za safari ni kama kutoka Tanga mjini hadi Muheza, na katika dakika hizo hakuna kinachotokea isipokuwa giza, sindano ya dira na mto unaong'aa kidogo chini. Najua wapo watakaochoka hapo wakaifuta. Mimi naona hapo ndipo mtengenezaji alipoonyesha ustadi, kwa sababu hakuongeza adui wa kukuchangamsha njiani, wala hakuandika alama kwenye ramani za kukuonyesha ulipo. Lazima utafute njia mwenyewe. Nilikwenda duka la steshenari nikachapisha ramani ya eneo hilo kwenye karatasi, nikampa mdogo wangu penseli, rula na saa ya simu, naye akawa mwongoza njia wangu. Anapiga hesabu ya muda na mwendo, halafu ananiambia, "Kaka, dakika mbili nyingine, kisha pinda kushoto," na mara nyingi huwa yuko sahihi kuliko mimi ninayetazama kioo.

Kushambulia ndiko kunakotaka utulivu. Unafika ukiwa juu kiasi, kisha unapunguza moto hadi injini karibu inyamaze, na unaiacha ndege iteleze kuelekea shabaha. Usiku wa kwanza sikusikia tofauti yoyote, kwa sababu feni ya dari ilikuwa inalia juu ya vichwa vyetu. Usiku wa pili nilizima feni, ingawa joto la hapa kwetu halimsamehe mtu, nikavaa spika za masikioni. Hapo nikausikia upepo ukipita kwenye waya zinazoshikanisha mabawa: sauti nyembamba, ndefu, inayopanda kadiri mwendo unavyoongezeka na kushuka unapoinua pua ya ndege. Baada ya majaribio kadhaa nikaacha kabisa kutazama kipima mwendo, nikawa naisikiliza sauti hiyo tu. Mabomu yakiachiwa, ndege inaruka juu kidogo kwa kupungukiwa na uzito, nawe unasukuma moto wote na kugeuka kabla kurunzi, yaani taa kubwa za adui zinazomulika angani, hazijakupata. Kurunzi zikikupata, unapofuka. Dira huioni, ardhi huioni, na ndege hii haina mwendo wa kukutoa humo kwa haraka. Njia iliyotufaa ni kuinamisha ndege upande na kuteleza chini kando ya mwanga badala ya kukimbia mbele yake.

Kuna jambo moja, hata hivyo, ambalo karibu liiharibu misheni nzima, nami nalieleza kwa kirefu kwa sababu dawa yake ni rahisi. Usiku ule wa kweli kikosi kilipoteza ndege nne na wanawake wanane, na walionusurika walisimulia kwamba kurunzi ziliwaka kama kawaida lakini mizinga haikulia. Ilikuwa kimya kwa sababu Wajerumani walikuwa wamepandisha ndege yao ya kivita ya usiku, na hawakutaka kuitungua wenyewe. Mtengenezaji analijua hilo vizuri. Safari mbili za kwanza mizinga inapiga mfululizo. Safari ya tatu kurunzi zinawaka na hakuna risasi hata moja. Mdogo wangu aliinua kichwa kutoka kwenye ramani akaniuliza, "Kaka, mbona hawapigi?" Kabla sijamjibu, maandishi yakatokea juu ya kioo kama ujumbe wa redio, yakisema kwamba ndege ya kivita ya adui iko karibu na tujihadhari.

Ndege hizi hazikuwa na redio. Hapakuwa na mtu wa kuwaonya wale akina dada. Walichokuwa nacho ni ule ukimya tu, na ndege ya mwenzao kuwaka moto mbele yao. Na kwa muda mrefu hata parashuti hawakubeba. Kumwambia mchezaji kwa maandishi kile ambacho tayari amekisikia kwa masikio yake ni kumnyang'anya jambo zito kuliko yote yaliyomo katika kazi hii.

Nilifungua faili ya maandishi inayoambatana na misheni, ile yenye kiendelezi cha lugha ya Kiingereza, ambayo inafunguka kwa programu ya kawaida ya kuandikia. Kila sentensi inayotokea mchezoni ina mstari wake wenye namba na nukta pacha. Katika mstari wa onyo lile nilifuta maneno, nikaacha namba na nukta pacha mahali pake, kisha nikahifadhi kwa mfumo uleule wa herufi za Unicode iliokuwa nao, maana ukihifadhi kwa mwingine maandishi yanaweza kuvurugika. Kwa kuwa nilikuwa nimeshaifungua, nikatafsiri maelezo yote kwa Kiswahili ili mdogo wangu ayasome mwenyewe kabla ya kuruka. Atakayejaribu atunze kwanza nakala ya faili ya awali.

Usiku uliofuata tuliruka bila onyo. Kurunzi ziliwaka, mizinga ikanyamaza, na U-2 iliyokuwa mbele yetu, ambayo huendeshwa na kompyuta, ikashika moto na kuanguka polepole kama karatasi inayoungua. Mdogo wangu hakuuliza tena swali. Aliweka penseli chini akasema, "Turudi." Nikageuza ndege, nikashuka chini kabisa hadi karibu ya miti, tukarudi na mabomu yetu, tukatua kwenye zile taa hafifu.

Mchezo ukaandika kwamba misheni imeshindwa. Hapo namwomba mtengenezaji afikirie upya, kwa kuwa baada ya hasara ya usiku ule Bershanskaya mwenyewe alisimamisha safari zilizobaki, na rubani anayegeuza kwa hiari yake anafanya kile ambacho kamanda aliamuru. Kihariri kinaruhusu kuweka sharti la kutua salama baada ya ndege ya kwanza kuanguka lihesabiwe kuwa ni kutimiza kazi. Nimemwandikia kumweleza hivyo, na nimeambatanisha faili ya Kiswahili endapo atapenda kuiweka pamoja na zile nyingine.