Mashine ya msasa wa mkanda ya inchi 1 kwa 30: kwa visu nunua, kwa mbao pana tafuta nyingine

Mashine hii ndogo ya mezani inauzwa kwa majina mengi, lakini ukiifungua ni ileile: mota ya wati 250 hadi 375, mkanda wa msasa wa milimita 25 kwa 762, bamba la chuma nyuma ya mkanda, meza ndogo inayoinama na, kwa nyingi, sahani ya msasa ubavuni. Kwa visu vya bucha, patasi na panga inafanya kazi safi kuliko greinda ya mkononi, ambayo hula chuma bila mpango. Kwa mlango wa kabati au ubao wa meza haifai kabisa; mkanda wa inchi moja huacha mawimbi.

Kasoro yake kubwa ni mwendo mmoja. Kwa umeme wetu wa hetsi 50, mota huzunguka karibu mara 2,850 kwa dakika. Gurudumu linaloendesha mkanda likiwa na kipenyo cha sentimita 10, mkanda unapita karibu mita 15 kila sekunde. Mbao inavumilia. Makali membamba ya kisu hayavumilii. Chuma kikigeuka rangi ya majani makavu kimeshapita digrii 200. Kikiwa buluu kinakaribia 300, na ugumu umeondoka. Ukiisugua rangi hiyo itatoka, lakini ulaini utabaki, na mchinjaji atarudisha kisu kikiwa butu kabla ya wiki kuisha. Usijaribu kupunguza mwendo kwa dima ya taa (swichi ya kupunguza mwanga), kwa sababu mota ya aina hii itapata moto na kuungua. Dawa ni maji na mkono mwepesi: pitisha mara moja, chovya kwenye sufuria, pitisha tena. Usingoje kidole kihisi joto, maana makali hupata moto kabla ya mgongo. Na mkanda uliochakaa utupe. Haukati tena, unapasha tu.

Kunoa kwenyewe kunaanza kwa kuondoa meza ili mkono upate nafasi. Mashine nyingi za aina hii huteremsha mkanda, kwa hiyo makali yatazame chini, ili msasa upite kutoka mgongoni ukielekea kwenye makali. Ukiyageuza juu, yatauma mkanda na kuupasua, au kisu kitarushwa. Pembe ipime kwa umbali wa mgongo: kisu chenye upana wa milimita 40, mgongo ukikaa milimita 12 kutoka kwenye mkanda, kinapata digrii 17 hivi kila upande, na hiyo inatosha kwa jikoni. Panga lipe 25. Paka wino wa kalamu nene kwenye makali kwanza. Pale wino unapobaki, msasa haujafika.

Kisu chenye mapengo kianze na mkanda wa namba 120 (namba ikipanda, msasa ni laini zaidi). Kisicho na mapengo kianze na 240, kisha 400, kisha 600. Panga liishie 240, likiwa laini zaidi linateleza kwenye majani. Vuta kutoka kisigino hadi ncha kwa mwendo mmoja usiobadilika, bila kukandamiza, na ncha ikifika katikati ya mkanda ondoa kisu. Anayengoja ncha ipite yote huiviringisha, na hilo ndilo kosa linaloharibu visu vingi kwenye mashine hizi. Usibadili namba mpaka uhisi kwa ukucha uzi mwembamba wa chuma umejikunja upande wa pili, urefu wote. Uzi huo mwishowe unaondolewa na mkanda wa ngozi uliopakwa dawa ya kijani ya kung'arishia, mara mbili tatu kila upande.

Kwa patasi rudisha meza na utumie bamba la nyuma, digrii 25. Kwa mbao, mashine inapendeza kwenye vitu vidogo: mipini, vifundo, kona za masanduku. Kwenye sahani tumia nusu inayoteremka tu, ile nyingine huinua kipande na kukirusha. Msasa ukijaa gundi au utomvu, usugue kwa kipande cha raba ghafi mkanda ukiwa unakwenda. Kabla ya kuhamia kwenye chuma, toa vumbi lote la mbao ndani ya kifuniko, kwa kuwa cheche zikilikuta linafuka polepole na moto huonekana baadaye, karakana ikiwa imefungwa. Vaa miwani na barakoa. Glavu za kitambaa hapana, zinavutwa.

Ukienda kuinunua Barabara ya Kirinyaga au Industrial Area jijini Nairobi, usilipe kabla muuzaji hajakuonyesha mikanda ya saizi hii. Ile ya inchi 3 kwa 21 ni ya mashine za mkononi, haiingii. Washa mashine dakika tano: mkanda ukae katikati baada ya kurekebisha kifundo, na usisikie mlio wa tak-tak, dalili ya kiungo kinene cha mkanda. Weka rula kwenye bamba la nyuma. Likiwa na bonde, patasi hazitanyooka. Kisha chomoa plagi swichi ikiwa imewashwa na uirudishe. Swichi nzuri itabaki imezima mpaka uibonyeze upya. Stima inavyopotea na kurudi mitaani, mashine inayojiwasha yenyewe usiichukue hata kwa nusu bei. Nazo mitumba za volti 110 kutoka Marekani zinahitaji transfoma, na hata nayo, mota iliyoundwa kwa hetsi 60 itapungua mwendo kwa sehemu moja ya sita. Kwa visu upungufu huo unasaidia kidogo, lakini mota yenyewe hupata joto zaidi, basi ipumzishe kila baada ya visu vichache.