Filta ya Tangi la Samaki: Ipi Inunuliwe Kwanza na Ipi Iachwe Dukani

Maji ya tangi yanaweza kuwa maangavu kabisa na bado samaki wakafa mmoja baada ya mwingine, kwa sababu kinachowaua hakionekani kwa macho. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua na kinyesi, na chakula kinachobaki kikioza huongeza nyingine. Bakteria wanaojishika kwenye sponji, kauri (vipande vya udongo uliochomwa vyenye vitundu) na changarawe huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, na hiyo samaki huivumilia mpaka utakapobadilisha sehemu ya maji. Katika tangi jipya bakteria hao huchukua takriban wiki 4 hadi 6 kuongezeka kiasi cha kutosha. Filta ndiyo makazi yao. Ndiyo maana orodha hii inaangalia mambo matatu: nafasi ya bakteria kuishi, urahisi wa kuosha filta bila kuwaua, na uchache wa vitu vinavyoweza kuharibika.

Kabla ya kwenda dukani, pima tangi lako. Zidisha urefu, upana na kina kwa sentimita, kisha gawanya kwa 1,000. Tangi la 60 kwa 30 kwa 30 lina lita 54. Filta inayofaa huzungusha maji yote mara 4 hadi 6 kwa saa, kwa hiyo hapo unatafuta ya lita 220 hadi 320 kwa saa. Goldfish huchafua maji sana, wape mara 8 au zaidi. Samaki aina ya beta mwenye mapezi marefu ni kinyume chake, mkondo mkali humchosha. Kumbuka pia kwamba namba iliyoandikwa kwenye boksi mara nyingi imepimwa filta ikiwa tupu. Ukishaijaza sponji na kauri, na uchafu ukianza kujikusanya, mtiririko hupungua. Chukua iliyozidi kidogo hesabu yako.

1. Filta ya sponji

Kwa tangi lisilozidi lita 100 hivi, lenye samaki wadogo, hii ndiyo ningemshauri mtu yeyote aanze nayo, na sababu si bei. Pampu ya hewa hukaa nje na kusukuma hewa kwenye mrija mwembamba. Mapovu yanapopanda ndani ya bomba huvuta maji kupitia sponji, na yakipasuka juu hutikisa uso wa maji ili oksijeni iingie. Ndani ya maji hamna mota wala rota. Vifaranga vya samaki na kamba wadogo hawavutwi, tena utawaona wakidonoa vyakula vidogo vilivyonasa kwenye sponji. Umeme ukikatika, unachomeka mrija uleule kwenye pampu ndogo ya betri na kazi inaendelea.

Chagua sponji yenye vitundu vikubwa kiasi, maana yenye vitundu vidogo sana huziba upesi, na iwe na kitako kizito. Sponji mpya huelea. Iminye mara kadhaa ikiwa ndani ya maji mpaka hewa yote itoke. Nunua pia vali ya kuzuia maji kurudi uifunge kwenye mrija, au weka pampu juu kuliko usawa wa maji. Bila hivyo, pampu ikizimika maji yanaweza kurudi kwenye mrija mpaka kwenye pampu na sakafuni.

Uoshaji wake ndio unaofanya niipe nafasi ya kwanza. Unapobadilisha maji, jaza ndoo kwa maji uliyoyatoa kwenye tangi, tia sponji humo na uiminye mara tatu nne. Tope la kahawia litatoka kama uji. Irudishe ikiwa bado na rangi yake ya uchafu, usiisugue mpaka ionekane mpya. Usiioshe kwa maji ya bomba yenye klorini, kwani klorini huua bakteria waliochukua wiki nyingi kuongezeka.

Kasoro zake ni kwamba inachukua nafasi ndani ya tangi, haikamati chembe ndogo sana, na pampu za hali ya chini huvuma usiku kucha.

2. Filta ya kuning'iniza

Hii hukaa ukingoni mwa tangi kwa nje, huvuta maji kwa bomba na kuyarudisha kama maporomoko. Inasafisha chembe vizuri kuliko sponji na haijazi tangi. Hapa suala kubwa ni kilichomo ndani yake. Nyingi huja na katriji nyembamba ya kitambaa chenye mkaa, na maelekezo hukutaka uibadilishe kila baada ya wiki chache. Ukiitupa, umetupa na bakteria, na amonia inaweza kupanda ghafla. Tafuta yenye kikapu unachoweza kujaza mwenyewe sponji na kauri. AquaClear ni mfano mzuri wa muundo huo. Kama tayari unayo ya katriji, kata kipande cha sponji ukipachike mahali pake.

Muulize muuzaji kama huwaka yenyewe umeme ukirudi. Aina nyingi zinahitaji chumba chake kijazwe maji kwanza, la sivyo mota huzunguka kavu na kuharibika. Seachem Tidal imewekewa pampu chini ya usawa wa maji, hivyo huanza bila kusaidiwa. Mdomo wa bomba la kuvutia uvishe sponji ndogo kama una samaki wachanga.

3. Filta ya kanista

Hii ni chombo kilichofungwa kinachokaa nje ya tangi na kuunganishwa nalo kwa mipira. Kwa tangi la lita 200 kwenda juu, hii ndiyo yenye nafasi kubwa zaidi ya kauri na sponji. Eheim Classic 250 hutumia wati 8 tu na inahudumia tangi la hadi lita 250. Lakini imefungwa kabisa, na umeme ukikosekana kwa saa nyingi bakteria humaliza oksijeni iliyomo na maji huoza. Usiiwashe tu. Ifungue, mwaga maji yake na suuza vilivyomo kwa maji ya tangi kwanza. Pete ya mpira ya mfuniko ipake grisi ya silikoni, usipake mafuta ya mgando, maana huharibu mpira na filta huanza kuvuja. Kuiosha ni kazi, na watu wengi huahirisha mpaka mtiririko unabaki mdogo mno.

4. Filta ya ndani yenye mota

Inafaa tangi dogo au kama msaidizi. Sponji yake huwa ndogo, huziba haraka, na mkondo hutoka kwa nguvu sehemu moja.

5. Filta ya chini ya changarawe

Iache. Huvuta maji kupitia changarawe iliyolazwa juu ya bamba lenye matundu, na uchafu hukaa chini ya bamba hilo usikoweza kuufikia, na kuusafisha ni kubomoa tangi zima.

Kuhusu mkaa, si lazima. Unafaa kuondoa harufu, rangi na mabaki ya dawa, na huisha nguvu baada ya wiki chache. Ukitibu samaki, utoe, kwa sababu utainyonya dawa yenyewe. Waya wa filta yoyote uuache uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili matone yaangukie sakafuni yasiingie kwenye umeme.

Kama unabadilisha filta ya zamani, washa zote mbili pamoja kwa angalau wiki 4. Nafasi isipotosha, hamishia sponji ya zamani ndani ya filta mpya, punguza chakula, na pima amonia na nitriti kila baada ya siku mbili tatu. Filta au sponji ya zamani iondoke pale tu vipimo vyote viwili vinapobaki kwenye 0.