Fundi wa tovuti aliyeanza na simu ya mteja: nyota nne kutoka agroveti ya Nakuru

Ninauza pembejeo hapa Nakuru, karibu na soko la Wakulima: mbegu za mahindi, mbolea, dawa za ng'ombe, pampu za kunyunyizia. Wateja wangu wengi hawaishi mjini. Wako Njoro, Molo, Subukia, Mau Narok, na kabla hawajatoa nauli ya matatu wanataka kujua jambo moja: mbegu ya mahindi ya H614 ipo, na ni pesa ngapi? Zamani walipiga simu. Siku hizi wanaangalia mtandaoni kwanza, na wanaangalia kwa simu. Mkulima wa kufungua kompyuta ili atafute dawa ya kupe bado sijakutana naye.

Tovuti yangu ya kwanza ilitengenezwa na kampuni moja ambayo sitaitaja. Kwenye kompyuta ya ofisini kwao ilipendeza, picha ya shamba la ngano imejaa kioo kizima. Kwenye simu ilikuwa mateso. Maandishi yalitoka madogo hivi kwamba lazima uyavute kwa vidole viwili, na ukiyavuta unaona nusu ya sentensi. Bei zenyewe walizitia ndani ya faili la PDF, kwa hiyo mtu alipakua orodha nzima ili aone bei ya mfuko mmoja. Picha ya shamba peke yake ilikuwa zaidi ya MB 4. Mtu aliyenunua bando la shilingi 20 asubuhi anapoteza sehemu ya bando lake kwa kutazama ngano yangu, na bei hajaiona.

Fundi ninayemsifu leo ni kijana wa hapahapa mjini, ofisi yake iko ghorofani karibu na steji ya matatu za Njoro. Kilichonivutia ni kwamba alipokuja dukani hakufungua tarakilishi. Alisimama kando ya kaunta akatazama watu. Palikuwa na mzee wa Mau Narok akisubiri dawa ya minyoo, simu yake imepasuka kioo kutoka pembe hadi pembe. Kijana akamwambia, "Mzee, habari ya safari? Naomba tufungue kitu kwenye simu yako, data nitakurudishia." Mzee akafungua tovuti yangu ile ya kwanza. Tukangoja. Ukurasa ulipotokea, mzee akabonyeza neno "Bei" kwa dole gumba, dole la mtu aliyeshika jembe maisha yake yote, ikafunguka "Kuhusu Sisi". Akajaribu tena, ikawa vilevile. Kijana hakusema kitu, aliandika tu kwenye daftari lake, kisha akamtumia mzee bando alilomwahidi.

Baadaye ndipo aliponieleza tatizo. Ukurasa usipoiambia simu kwamba ulinganishwe na upana wa kioo chake, simu huuchukulia kuwa wa kompyuta: huuchora kwa upana wa pikseli (nukta ndogo za kioo) 980 hivi, kisha huufinya hadi uingie. Dawa yake ni mstari mmoja wa msimbo, na umekuwepo tangu enzi za iPhone ya kwanza, 2007. Mwaka 2010 mbunifu wa tovuti Mmarekani, Ethan Marcotte, akaeleza namna ya kutengeneza ukurasa mmoja unaojipanga wenyewe kulingana na kioo, na Aprili 2015 Google ikaanza kuzipa nafasi ya mbele kurasa zinazosomeka vizuri kwa simu mtu anapotafuta kwa simu. Niliumia kusikia hayo, kwa sababu kampuni ile ilinitengenezea tovuti miaka mingi baada ya hapo, na malipo walichukua kamili.

Tovuti mpya inaanza na bei. Hakuna picha ya shamba. Ukurasa wa kwanza wote haufiki KB 300, bei ni maandishi ya kawaida, na vitufe ni vikubwa, havishuki chini ya pikseli 48. Chini kabisa kuna viwili vinavyobaki palepale hata ukishuka na ukurasa: kimoja kinapiga simu dukani, kingine kinafungua WhatsApp ujumbe ukiwa umeshaandikwa, "Naomba kujua kama hii ipo." Hicho cha WhatsApp ndicho kimebadilisha biashara yangu. Mtu anauliza akiwa bado shambani, namwekea mzigo, anatuma pesa kwa M-Pesa, anampa mtu wa boda auchukue.

Sasa yale yaliyoninyima nyota ya tano. Majina ya bidhaa ameyaandika kwa rangi ya kijivu hafifu. Ndani ya duka yanasomeka, ila ukitoka nje kwenye jua la saa saba huoni kitu, na mteja wangu yuko juani. Pili, sehemu ya kutafuta inataka tahajia kamili. Ukiandika "dawa ya kupe" inakuletea orodha tupu, kwa sababu yeye ameweka majina ya kiwandani tu. Hakuna mkulima anayekuja kaunta akataja kemikali. Anasema ng'ombe ana kupe. Tatu, picha za chupa amezipunguza mno hadi maelezo ya kipimo hayasomeki, na kipimo cha dawa ya mifugo si kitu cha kubahatisha. Ningependa kila dawa iwe na kipimo chake kwa maandishi, pamoja na siku za kungoja kabla ya kuuza maziwa.

Bei yake ilikuwa shilingi 28,000, nusu mwanzo na nusu baada ya kazi, na jina la tovuti la .co.ke unalipia mwenyewe kila mwaka. Kwa duka dogo si haba, lakini alikubali tulipe kwa awamu, na mkataba aliuandika kwa Kiswahili. Ukienda kwake, mpelekee simu za wateja wako, hasa zile za bei ya chini, maana ndizo anazotaka kuona.

Rangi ameahidi kuibadilisha wiki hii. Sehemu ya kutafuta nimemtaka aimalize kabla ya mvua za Machi, watu wanapoanza kuulizia mbegu. Akiimaliza nitarudi hapa kumwongezea nyota iliyobaki.