Taa ya Jikoni: Nenda Dukani na Leso Nyekundu

Mwezi uliopita nilimlisha mavyaa wangu biriani ya kitunguu kilichoungua. Hakusema neno. Alikisogeza kile kitunguu pembeni ya sahani kwa ncha ya kidole, kidogo kidogo, mpaka kikawa kijilima, kisha akaomba maji. Mwenye mavyaa wa Kimombasa anajua kwamba hapo hukumu imeshatoka.

Biriani naipika mwaka wa 18 huu na kitunguu hakijawahi kunishinda. Jikoni kulikuwa kumebadilika kitu kimoja tu: wiki ile nilifunga balbu mpya, nyeupe pe, ya shilingi 120, muuzaji kaniapia kuwa inamulika kama jua la saa sita. Kumulika ilimulika. Nikasimama juu ya karai nikingoja kitunguu kiwe chekundu, na wekundu haukuja. Kilikuwa kijivu, kikazidi ujivu, na harufu iliponifikia kilikuwa kimeshapita. Nikachota kijiko kimoja nikatoka nacho barazani. Kule nje kilikuwa cheusi.

Mambo ya watt na kuokoa tokeni atakueleza mtu yeyote, sina haja nayo. LED ya watt 9 inatoa mwanga kama wa ile balbu ya zamani ya watt 60, basi. Mimi nitakusumbua kwa jambo moja ambalo hakuna muuzaji aliyewahi kunitajia bila kuulizwa: taa hii inaonyesha nyekundu?

Balbu ya kizamani, ile ya waya unaowaka ndani, ilikuwa inapata alama 100 au karibu na hapo kwa kuonyesha rangi. LED hufanya kazi kwa njia nyingine. Ndani mna kidude kinachotoa mwanga wa buluu, kimepakwa unga wa manjano unaogeuza sehemu ya ile buluu kuwa rangi nyingine, na zikichanganyika jicho linaona nyeupe. Mtengenezaji akibana gharama kwenye unga, mwanga unabaki na buluu tele na nyekundu kiduchu. Ukuta hautakuambia kitu, utaonekana safi kabisa. Nenda sasa ukatazame mashavu ya samaki changu chini ya taa hiyo ujue kama ni wa leo au wa juzi. Hutajua. Nyama ya kusaga hali kadhalika, na rojo la nyanya linafanana na udongo wa mto.

Alama hiyo huandikwa kwenye boksi kama CRI au Ra. Umoja wa Ulaya, tangu Septemba 2021, unadai balbu za kawaida za nyumbani zisipungue 80. Na hata hiyo 80 ina ujanja wake. Hupigwa wastani wa rangi 8, zote za kufifia; nyekundu iliyokoza ni ya 9, inaitwa R9, na haimo kwenye hesabu. Balbu yaweza kubeba 80 yake kwa fahari na kwenye nyekundu ikawa karibu na sifuri. Usichanganye pia na ile namba yenye K. 2700K ni umanjano wa balbu ya zamani, 6500K ni nyeupe inayoelekea buluu. Hiyo ni rangi ya mwanga wenyewe, haikuambii chochote kuhusu rangi ya kitunguu chako.

Basi ndiyo leso. Maduka ya stima huwa na ubao wenye holda, balbu inajaribiwa mbele yako. Mimi sasa huenda na kipande cha leso nyekundu kilichochanika, nakiweka chini ya balbu, halafu nakitoa mlangoni juani. Kikiwa rangi ya matofali ndani na rangi ya damu nje, balbu irudi ilikotoka. Kijana mmoja aliniuliza, "Mama, kwani wauza leso?" Nikamwambia niwashie na ile nyingine. Ukisahau leso, tazama kiganja chako. Chini ya balbu mbovu, Mungu anisamehe, kinafanana na cha maiti.

Sasa chaguo zangu, na nasema mapema kwamba sijalipwa na mtu.

Ya kwanza ni Philips, LED ya watt 9, 3000K, au 4000K kama jikoni kwako ni kiza kama kwangu hapa Tudor, ambako dirisha linatazama ukuta wa jirani na taa inawaka tangu asubuhi. Boksi nililo nalo mezani limeandikwa Ra 80, si 90, na ningependa iwe 90. Lakini wameiandika, na kwenye leso ilishinda zote nilizojaribu siku hiyo. Niliyofunga 2021 bado inawaka. Tazama holda yako kabla ya kutoka nyumbani, ya pini au ya kuzungusha, nauli ya kurudi mjini haina faida kwa mtu. Ukikutana na kampuni nyingine yoyote iliyoandika 90 kwenye boksi, chukua, hata mimi nitahama.

Ya pili ni tyubu fupi ya LED chini ya kabati, juu ya pale unapokatia. Taa ya katikati ya dari iko nyuma ya mgongo wako, kwa hiyo kila siku unakata mchicha ndani ya kivuli chako mwenyewe. Hii ndiyo inayofanya jiko lipendeze usiku, taa kubwa ikizimwa. Leso ni ileile.

Ya tatu, taa za mkanda wa kubandika. Zinavutia kwenye picha. Mvuke wa mafuta na joto letu la Machi huiachisha gundi, na mkanda unaninginia juu ya sufuria kama nyoka. Ukizitaka sana, mwambie fundi azitie kwenye reli ya alumini yenye kifuniko.

Vijitaa vya kuzamisha kwenye jipsamu ni vizuri, ila fundi atakutajia 8 mahali 4 zinatosha. Balbu za kuchaji weka moja kwa ajili ya stima ikipotea. Za bei ya chini zifunge chooni.

Kinachonikera hasa ni maboksi. Unaingia dukani, balbu zimetolewa kwenye maboksi zimerundikwa ndani ya karai kama viazi. CRI utaisoma wapi? Ukiuliza boksi unaambiwa "mama, hii ni orijino," kana kwamba orijino ni namba. Siku moja nimetembea kutoka Mwembe Tayari hadi Digo Road, balbu ileile, saa ileile, bei tatu. Na hiyo dhamana ya mwaka mmoja huandikwa kwa kalamu kwenye shingo ya balbu, tarehe na sahihi, na mvuke wa jikoni unaifuta kabla Ramadhani haijafika. Ukirudi nayo unaulizwa, tarehe iko wapi? Siku hizi naipiga picha kwa simu papo hapo kaunta, na huyo muuzaji namtaka aishike.

Ile balbu ya shilingi 120 sikuitupa, iko kwenye ngazi. Mavyaa anakuja tena Ijumaa. Nilimpigia kumwambia kwamba taa nimebadilisha, na biriani ya safari hii atajionea mwenyewe. Akanyamaza kidogo.

"Mwanangu," akasema, "pika wali wa nazi tu."